Nini kinaliamsha yai la kambale? Jibu kwa mtotoleshaji wa Magu

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunatotolesha kambale huku Magu, karibu na ziwa. Vifaranga tunawauzia wenye mabwawa, na wadogo wadogo wanachukuliwa na wavuvi wa sangara kwa ajili ya chambo. Shida yetu ni hii: tunakamua jike, tunachanganya mayai na mbegu za dume, tunayatandaza kwenye wavu, kesho yake tunakuta nusu yamegeuka meupe. Safari nyingine yanatotolewa vizuri lakini vifaranga wengi wamepinda mkia. Kwenye semina tuliambiwa yai la samaki linaongozwa na 'vimeng'enya vya ishara' tangu dakika ya kwanza, mada ikaishia hapo tukaenda kula. Ni vitu gani hivyo? Vinafanya nini hasa? Tunaweza kuviharibu bila kujua? Na je, kuna mahali vinauzwa tukaongeza?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloweza kukutoa hela bure: haviuzwi. Vimeng'enya vinavyohitajika siku ya kwanza vimo ndani ya yai tayari. Jike alivipakia humo, au aliacha maagizo ya kuvitengeneza, wakati yai likikua tumboni mwake. Hata ukipata protini hiyo safi kutoka maabara ukaimimina kwenye beseni, haipenyi ganda la yai. Mtu akikuletea chupa ya "kiamsha mayai", mkaribishe maji ya kunywa, aendelee na safari yake. Kuviharibu, hilo ndilo linawezekana kabisa, na kwa maelezo yako nadhani sehemu kubwa ya mayai meupe inatokea huko.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia. Vile vya tumboni vinavyokata chakula ndivyo watu wengi wanavyovifahamu. Vya ishara vina kazi tofauti: vinaigusa protini nyingine na kuibadilisha hali, iliyolala iamke, iliyo macho itulie, au ipelekwe kuvunjwa. Kundi lao kubwa huitwa kinasi. Kinasi hunyofoa fosfeti moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini inayolengwa. Fosfatasi huja nyuma na kuibandua. Basi, ni hilo tu, kubandika na kubandua. Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua mtindo huu katika misuli kwenye miaka ya 1950, wakiwa Seattle, Marekani, na mwaka 1992 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na samaki wana familia zilezile.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kila kinasi ina ujumbe wake mmoja. Sivyo. Mfikirie konda wa daladala. Hasukumi gari wala hana mafuta mkononi, anagonga bodi tu. Gari likiwa limesimama, kugonga kule maana yake "twende". Likiwa kwenye mwendo, kugonga kulekule maana yake "kuna anayeshuka". Dereva anaelewa kwa sababu anajua gari liko katika hali gani. Yai liko vivyo hivyo: kimeng'enya kimoja kinagonga mara nyingi kati ya tumbo la mama na siku ya kutotolewa, na maana inategemea saa na mahali. Chukua kinasi inayoitwa ERK. Hapa chini utakutana nayo mara tatu, na kila mara inafanya jambo jingine.

Sasa tuje kwenye kazi yako, tukianza na sindano.

Unapomchoma jike dondoo ya tezi ya pituitari ya kambale mwingine, au dawa ya dukani kama Ovaprim, huligusi yai moja kwa moja. Homoni inafika kwenye seli zinazolizunguka yai, na seli hizo zinatengeneza homoni ya pili ya aina ya steroidi. Wajapani Nagahama na Adachi waliitambua mwaka 1985 kwa samaki wa jamii ya salmoni. Hiyo ya pili ndiyo inayoligonga yai. Kabla haijafika, yai limefungiwa na kinasi iitwayo PKA, na PKA inafanya kazi maadamu kuna kemikali ya cAMP ya kutosha ndani ya yai. Steroidi inapofika, kimeng'enya kinachotengeneza cAMP kinapunguza kasi, PKA inatulia, na kinasi nyingine, Cdk1, inashikana na protini ya saikilini B na kuwaka. Hapo nyukliasi kubwa, chumba kinachotunza kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), iliyokuwa katikati ya yai inasogea juu kuelekea kwenye tundu la mbegu, ukuta wake unayeyuka, na yai linaanza kupunguza kromosomu zake.

Kisha linasimama tena, katikati ya mgawanyiko wa pili, na ERK ndiyo inayolishikilia hapo. Hii ni mara ya kwanza ya ERK, na kazi yake ni kusema "subiri". Yai limekomaa, limetoka kwenye kifuko chake, linaweza kukamuliwa, lakini halitasogea hatua moja mpaka limepata amri nyingine.

Safari hiyo yote ina saa zake, na saa zinafuata joto la maji. Kambale aliyechomwa akakaa kwenye maji ya nyuzi 25 anakuwa tayari baada ya kama saa 11. Kwenye nyuzi 20 anaweza kufika saa 20 na ushee. Huku kwetu, Juni hadi Agosti, tangi lililo nje linapoa sana usiku, na hapo ndipo watu wanakosea: wamefundishwa "choma saa mbili usiku, kamua alfajiri", wanaifuata kama sala, hawapimi maji. Ukimkamua kabla ya wakati unayatoa mayai ambayo PKA bado imeyafungia. Kwa macho yanafanana na mengine, labda tu unaona yanatoka kwa kulazimishwa, na damu kidogo. Mbegu haitayasaidia. Ukichelewa sana nako, mayai yaliyokwisha kutoka kwenye vifuko yanazeeka tumboni: ERK na Cdk1 zinaanza kulegea zenyewe, kromosomu zinasambaratika, na mayai kama hayo ndiyo huleta vifaranga vilema pamoja na mayai meupe. Kwa hiyo nunua kipimajoto. Ni bei ndogo kuliko jike mmoja aliyekamuliwa bure.

Hapa sasa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo mayai yako mengi yanapopotea: dakika ya maji.

Mbegu za kambale zikiwa ndani ya korodani hazichezi. Zinaamka zikikutana na maji yasiyo na chumvi, na zikiamka zina nguvu za kama dakika moja tu. Yai nalo lina tundu moja, kwenye ncha moja, jembamba kiasi cha kupitisha mbegu moja, na ndilo mlango wa pekee, maana mbegu za samaki wenye mifupa kama hawa hazina kifaa cha kutoboa ganda. Tatizo ni kwamba maji yanayoamsha mbegu ndiyo hayohayo yanayoamsha yai. Yai la kambale likigusana na maji linaanza mambo yake, mbegu iwepo isiwepo: linanyonya maji, linaanza kunata, na tundu linafungwa ndani ya muda mfupi sana. Tone moja la maji kwenye beseni kabla ya mbegu kufika linatosha kuyafungia mlango mayai yote yaliyoguswa na tone hilo.

Ndani ya yai, kinachotokea ni moja ya mambo mazuri kuyaona katika biolojia yote. Mwaka 1977, Ridgway, Gilkey na Jaffe walidunga ndani ya mayai ya medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga ya Japani, protini iitwayo ekworini, iliyotolewa kwa kiwavi-bahari. Ekworini hutoa mwanga ikikutana na kalsiamu. Mbegu ilipoingia, mwanga uliwaka, na kazi iliyofuata ikaonyesha kuwa unaanzia pale kwenye tundu, unasambaa kuzunguka yai, na kumalizikia upande wa pili baada ya dakika mbili hadi tatu. Lilikuwa ni wimbi la kalsiamu. Kalsiamu hiyo haitoki kwenye maji yako. Imehifadhiwa ndani ya yai, kwenye vifuko vya utando, na inasubiri kufunguliwa.

Nani anaifungua? Kwenye danio, yule samaki mwenye milia anayetumiwa maabara duniani kote, mbegu inapoungana na yai kinasi iitwayo Fyn inawaka ndani ya dakika ileile. Inaigonga fosfolipesi C, kimeng'enya kinachokata mafuta fulani ya utando wa seli. Kipande kimoja kinachokatwa, IP3, kinaelea hadi kwenye vifuko na kuvifungua. Kalsiamu inamwagika, inafungua vifuko vya jirani, navyo vinafungua vya jirani zao, na ndivyo wimbi linavyosonga.

Wimbi hilo likipita, mambo kadhaa yanatokea kwa mkupuo. Vijifuko vilivyopangwa chini ya utando wa yai vinapasuka kuelekea nje na kumwaga vitu vyake; maji yanavutwa, ganda linainuka na kuachana na yai. Kimeng'enya cha transglutaminasi kinafunga nyuzi za ganda moja na nyingine hadi linakuwa gumu. Ndiyo maana yai la saa moja halipasuki kirahisi kama lile ulilokamua sasa hivi. Na kinasi inayotegemea kalsiamu, CaMKII, inavunja kile kizuizi cha "subiri". Njia hiyo imechunguzwa vizuri zaidi kwa chura: CaMKII inaiweka alama protini iliyokuwa inalinda saikilini B, protini hiyo inaozeshwa, saikilini nayo inaoza, Cdk1 inazimika, na yai linamaliza mgawanyiko wake. Baadaye ERK nayo inatulia. Kuanzia hapo kiinitete kina ruhusa ya kuanza.

Watafiti wanaotaka kambale tasa wanautumia mwanya huohuo makusudi: dakika chache baada ya kuchanganya mbegu wanayatia mayai kwenye maji ya nyuzi 5 kwa muda, mgawanyiko ule wa mwisho unakwama, na kiinitete kinabaki na seti tatu za kromosomu. Nakutajia hilo uone jinsi zile dakika zilivyo nyeti, si ili ujaribu kwa barafu ya soko la samaki la Mwaloni.

Basi kwenye meza yako: beseni liwe kavu kabisa, limepanguswa kwa kitambaa, si kukung'utwa tu. Samaki mwenyewe mfute tumbo na mkia kwa taulo, maana maji yanamchuruzika, na mkojo wake ni maji pia. Kaushe mikono. Kamua mayai. Mbegu ulizozikatakata kutoka kwenye korodani zizimue kwa maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita, ambayo haziamki ndani yake; mimina juu ya mayai na uchanganye taratibu kwa unyoya wa kuku hadi kila yai liwe limeguswa. Hapo, na si kabla, ndipo unatia maji safi, kama kiasi kilekile cha mayai, unakoroga kwa dakika moja, kisha unatandaza haraka kwenye wavu au mizizi ya gugumaji kabla hayajashikana. Ukiona mtu anatia maji kwanza "ili mayai yasikauke", ujue anayafunga milango kwa mkono wake.

Jambo jingine linalowadanganya wengi: yai lililoamshwa na maji bila mbegu halifi papo hapo. Ute wake hai unakusanyika juu na kutengeneza kikofia, ganda linainuka, kila kitu kinaonekana sawa. Linaweza kukaa hivyo saa kadhaa ndipo utando unashindwa, maji yanaingia, protini za kiini cha njano zinaganda na yai linakuwa jeupe. Kwa hiyo ukihesabu baada ya saa mbili ukafurahi kwamba asilimia 90 ni mazima, hujahesabu chochote. Kwa maji ya nyuzi 26 hadi 28, hesabu baada ya saa 8 hadi 10. Na usiende kulala ukayaacha yale meupe pale pale: ukungu unaanzia kwayo na kuhamia kwa majirani walio hai.

Chukua yai moja wakati huo, liweke kwenye kipande cha kioo na tone la maji, mulika kwa tochi kutoka chini, tazama kwa lenzi ya mkono. Yai zima la kambale ni la kijani-kahawia. Juu yake utaona utando angavu umeshuka kufunika kiini, umepita nusu au zaidi, na ukingo wake ni mnene kidogo kuliko sehemu nyingine. Mahali pamoja kwenye ukingo huo utaona pamenenepa zaidi. Pakumbuke hapo. Pakiwepo, yai lako lilipata mbegu, na linajua mgongo uko wapi.

Saa zile kati ya maji na utando huo nitazipita haraka. Seli zinagawanyika bila kupumzika. Danio kwenye nyuzi 28.5 anapata seli mbili ndani ya dakika 45, halafu anagawanyika kila robo saa hivi, hata zikitimia saa tatu tangu kurutubishwa ana seli kama elfu moja. Cdk1 inawaka na kuzimika kila mzunguko, na saikilini inatengenezwa na kuvunjwa. Kwa kugundua mashine hiyo Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipata Nobeli mwaka 2001. La kwako wewe ni kwamba muda huo wote jeni za kiinitete zimelala, kila kitu kinaendeshwa kwa akiba ya mama. Jeni zake mwenyewe zinaamka kwa wingi kwenye saa ya tatu hivi kwa danio. Jike aliyelishwa pumba tupu miezi mitatu anakuja kukudai hapo, na hakuna maji mazuri yatakayolipa deni hilo.

Pale paliponenepa kwenye ukingo panaitwa ngao. Hans Spemann na Hilde Mangold walionyesha mwaka 1924, kwa mijusi-maji, kwamba kipande cha namna hiyo kikihamishiwa kwa kiinitete kingine kinazaa mwili wa pili upande wa pili. Kwenye miaka ya 1930 Jane Oppenheimer akaonyesha hilohilo kwa samaki. Lakini kwa nini ngao inatokea upande huu na si ule? Jibu linarudi kwenye kinasi. Kuna moja iitwayo GSK-3, ambayo kazi yake ya kila saa ni kuibandika fosfeti protini ya beta-katenini ili iozeshwe. Yaani hapa kubandika maana yake ni kuua. Upande mmoja wa kiinitete, vitu alivyoviweka mama vinaizuia GSK-3 isimfikie mwenzake, beta-katenini inapona, inaingia kwenye nyukliasi na kufungua jeni za mgongo na kichwa. Mwaka 2018 watafiti wa China walitangaza jeni ya mama, huluwa, inayoanzisha jambo hilo kwa danio; bila hiyo kiinitete hakipati kichwa wala mgongo.

Na hapa kuna kisa cha dawa. Litiamu, inayotumika hospitalini kwa wagonjwa wa akili wenye hali ya kupanda na kushuka, inaizuia GSK-3. Kiinitete cha danio kikitiwa litiamu kwa muda mfupi mapema, kinakuwa mgongo na kichwa kupita kiasi, hili lilionyeshwa mwaka 1993. Kwa chura, litiamu hiyohiyo ikitiwa saa chache baadaye, baada ya jeni kuamka, inapunguza kichwa. Dawa ni moja na kinasi ni ileile, matokeo yamepinduka. Ndiyo maana napata kichefuchefu nikisikia mtu anashauri "tia kidogo tu" ya dawa yoyote kwenye mayai bila kusema saa ngapi.

Upande wa tumbo unaamriwa na BMP, protini ya ishara ambayo vipokezi vyake ni kinasi pia. Nguvu yake ikiwa kubwa seli zinakuwa za tumbo na mkia wa chini, ikiwa ndogo zinakuwa za mgongo. Ngao inatoa protini ya kodini inayoinyamazisha BMP, na kimeng'enya cha tolloid kinaikata kodini hiyo ili isizidi. Danio waliokosa tolloid wanatambulika kwa macho: pezi la mkia lina upungufu upande wa chini.

Mkia sasa, swali lako la pili. Kwenye ukingo wa ule utando, protini nyingine ya ishara, FGF, inaiwasha ERK. Hii ni mara ya pili, na safari hii ERK haisemi "subiri". Inasema "kueni misuli na mkia". Mwaka 1995 wanasayansi waliziba njia ya FGF kwa danio wakapata samaki mwenye kichwa, ila kiwiliwili na mkia havipo. Mara ya tatu ni pale mwili unapokatwa vipande vipande vya misuli, viwili viwili kila nusu saa kwa danio. ERK inakuwa na nguvu mkiani na kupungua kuelekea mbele, na mpaka wake ndio unaoamua kipande kinachofuata kikatwe wapi. Mpaka huo ukiyumba, vipande vinatoka vikubwa kwa vidogo na mgongo unakwenda kombo.

Kinachouyumbisha kwa mtotoleshaji mara nyingi ni joto. Joto lililo chini kidogo linachelewesha tu: mayai ya kambale yanatotolewa kwa kama saa 22 kwenye nyuzi 28, na yanaweza kuchukua zaidi ya saa 50 kwenye nyuzi 20. Shida ni kupanda na kushuka. Vimeng'enya havipungui kasi sawasawa vyote. Ukimwaga ndoo ya maji ya moto kwenye tangi lililopoa usiku, kuna vinavyokimbia na vinavyobaki nyuma, na vipande vinakatwa mahali pasipo pake. Afadhali nyuzi 25 zisizobadilika kuliko 23 alfajiri na 30 adhuhuri. Funika tangi, liingize ndani, jaza maji jioni yazoee joto la chumba.

Sababu nyingine za mkia kupinda hazihusu ERK. Wazazi waliokosa vitamini C wanatoa vifaranga wenye uti dhaifu, kwa sababu vimeng'enya vinavyokaza kolajeni, protini inayoushikilia uti, vinaihitaji, na chakula kilichokaa kwenye stoo ya bati miezi mingi huwa kimeshaipoteza. Halafu kuna dawa za mashambani. Viuakuvu vya jamii ya dithaiokabameti, ambayo mankozebu ya kwenye nyanya ni mmojawapo, vina rekodi mbaya maabara: thairamu, ndugu yake, inawapa danio uti uliojikunja kama nyoka, kwa kunyang'anya shaba inayohitajiwa na kimeng'enya cha kukaza uti. Kama kisima chako kiko bondeni chini ya bustani ya nyanya, hilo ningeliangalia kabla ya kumlaumu dume. Malakaiti ya kijani, ambayo bado watu wanaizungusha kama dawa ya ukungu, iache. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa, na mayai yaliyosafishwa vizuri hayaihitaji.

Utaniuliza mbona sato hawakusumbui hivi. Sato jike anataga, dume anarutubisha palepale, kisha jike anayabeba mayai mdomoni. Hayanati, na anayazungusha mwenyewe hadi yatotolewe baada ya siku nne au tano. Vimeng'enya ni vilevile, ila dakika ya maji anaisimamia samaki mwenyewe. Furu wetu wa ziwani nao wengi ni hivyohivyo. Kwa kambale kazi hiyo umeichukua wewe.

Nifanyie hivi. Mkamue jike mmoja, gawa mayai yake mabeseni mawili makavu, mbegu za dume yuleyule. Moja tumia maji ya kisima chako, jingine maji ya mvua au ya bomba yaliyokaa siku mbili bila kifuniko. Joto liwe sawa. Hesabu meupe saa tisa baada ya kutia maji, kwenye mabeseni yote mawili, na kesho yake hesabu waliopinda. Kama meupe ni mengi pande zote mbili, tatizo ni saa ya kukamua, ukavu wa beseni au wazazi wenyewe. Kama meupe yamepungua ila waliopinda wanatoka upande wa kisima, ni maji. Ukihitaji hadubini nenda FETA, chuo cha uvuvi pale Nyegezi, na mayai yako kwenye chupa, uwaombe wakuonyeshe ngao. Niandikie hesabu za mabeseni mawili, na usisahau kuniandikia joto la maji saa ulipochoma na saa ulipokamua.